Kalikiti ya makohozi

Asalaam alaykum jamani, najua nimepotea, mara ya mwisho kuandika hapa ilikuwa kabla ya Ramadhani na wapo walionitumia meseji kuuliza kama nimeolewa tena au vipi. Sijaolewa tena, mume yule yule. Ni kazi tu, na masika haya, na mtoto kaanza skuli.

Haya, leo nina kisa kilichoanzia saluni. Dadaangu ana saluni yake Wete, kachumba kadogo tu nyuma ya nyumba, viti viwili na draya moja ambayo umeme ukiwa mdogo inapuliza kama mtu mwenye pumu. Msidhani kwa kuwa tunafunga mitandio basi nywele hatutengenezi, wiki ya harusi hapo hapaingiliki. Sasa juzi tulikuwa na harusi ya mtoto wa mama mdogo, nikaenda mapema nipate nafasi, nikamkuta mama mmoja mtu mzima kakaa kwenye kiti anawekwa kalikiti. Kalikiti mwaka huu yakhe! Yeye anasema ndo alivowekwa siku ya harusi yake na hataki kitu chengine. Dada kafungua ile chupa, harufu ikatoka, na mie bila kufikiri nikasema kwa sauti, "Loh, hii si ndo harufu ya kazini kwangu?"

Saluni nzima kimya. Wote wanajua nafanya kazi maabara na wote wanajua maabara yangu ni ya makohozi. Yule mama kwenye kiti akanigeukia, nywele zimelowa, akaniuliza, "Mwanangu, una maana kichwani kwangu nimetiwa makohozi?"

Basi ikabidi nieleze, na nilipomaliza dada akanambia hebu kaandike hiyo, watu wajue unafanya nini huko maana mama mwenyewe akiulizwa kazi yako anajibu "yupo hospitali" halafu anabadilisha mazungumzo.

Kazini tuna unga mmoja mweupe, laini, ukiutazama utasema chumvi ya mezani iliyosagwa. Jina lake kamili ni N-asetili-L-sisteini, sisi tunaita NALC tu. Ni asidi amino iliyofanyiwa marekebisho. Asidi amino ni zile chembe zinazoungana kama tasbihi kutengeneza protini zote za mwili, ziko aina 20, na katika hizo 20 ni mbili tu zenye salfa ndani yake, methionini na sisteini. Salfa ndo yenye ile harufu ya yai viza. Sasa chukua sisteini, ile sehemu yake ya naitrojeni uivishe kikofia cha asetili, ambacho ni ukoo mmoja na asidi ya siki ya kachumbari, hapo ushapata NALC. Kofia ile haikuwekwa kwa urembo. Sisteini tupu haitulii, ikikutana na hewa haraka inashikana mbili mbili na kuwa sistini, na sistini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Tena sistini ndo ilojulikana mwanzo, mwaka 1810 Muingereza mmoja anaitwa William Hyde Wollaston aliikuta kwenye jiwe la kibofu cha mkojo, na hilo jina lenyewe asili yake ni neno la Kigiriki la kibofu. Hebu fikiria, jiwe la mkojo la mtu limeingia mpaka kwenye vitabu vya kemia.

Kwa nini salfa ni muhimu hivo? Kwa sababu salfa mbili zikikutana zinafunga fundo. Wavuvi watanielewa haraka zaidi. Juya ni nyuzi ndefu tu, kinacholifanya liwe juya ni mafundo, ukifungua mafundo yote unabaki na rundo la uzi ambalo hata dagaa mmoja halizuii. Nywele ni hivo hivo, protini ndefu ndefu zilizofungwa mafundo ya salfa, na mafundo ndo yanaamua nywele ikae namna gani. Dawa ya kalikiti ina salfa yake, inakwenda kufungua mafundo, unazungushia rola, halafu unatia ile dawa ya pili, nyutralaiza, yanafungwa upya pahala pengine na nywele inabaki na mawimbi.

Na makohozi nayo? Makohozi ya mtu anaeumwa kifua yanavutika, mkishika kijiti huku na huku yanafanya kamba, kama maji ya bamia iliyopikwa bila ndimu (niwieni radhi wanaokula saa hizi). Ule uteute ni protini inaitwa musini, nyuzi ndefu sana, na zimefungwa kwa mafundo yale yale ya salfa. Vijidudu vya TB vimo humo ndani vimenasa kama dagaa ndani ya juya. Mie kazi yangu ni kuvitoa vikiwa hai. NALC inaingia na salfa yake, inajipenyeza kwenye fundo, inashika uzi mmoja na kuuachia mwengine, fundo hadi fundo, na yale makohozi mazito mbele ya macho yako yanakuwa maji. Mara ya kwanza kuona nilicheka peke yangu ndani ya barakoa.

Lakini kuyafanya maji tu haitoshi. Mdomoni mwa mtu kuna bakteria wa kila kabila, na hao wengine wanazaana kila dakika 20, wakati mdudu wa TB kujigawa mara moja tu kunamchukua karibu siku nzima. Ukiwapanda pamoja kwenye chakula kimoja, kabla TB hajanyanyua kichwa wenzake washamaliza sahani. Kwa hiyo tunachanganya NALC na sodiamu haidroksaidi, kostiki soda ile ile wanayotengenezea sabuni ya mwani akina mama wa Paje. Kostiki inaua. TB ana ukuta wa nta nta mafuta mafuta, anastahimili kidogo kuliko wengine. Nasema kidogo, maana ukimchelewesha naye anakufa.

Zamani walikuwa wanatumia kostiki peke yake, njia ya Petroff ya mwaka 1915, lakini ili makohozi yalainike ilibidi kostiki iwe kali na ikikaa, basi na TB wengi wanakwenda na maji. Mwaka 1963 Kubica na wenzake kule Marekani wakaja na hii ya kuchanganya, NALC ifungue mafundo, kostiki ipunguzwe makali maana sasa inawafikia bakteria bila kupigana na uteute. Ni wakati huo huo madaktari walikuwa washaanza kuwavutisha wagonjwa NALC kulainisha kifua, watu wa maabara wakaiazima. Napenda sana hii. Dawa ya mgonjwa ikahamia kwenye chupa, na mpaka leo duniani wengi wanaootesha TB ndo njia wanayoanzia.

Wengine mtauliza siku hizi si kuna mashine. Ipo, GeneXpert, Shirika la Afya Duniani waliikubali mwaka 2010, chini ya saa mbili unajua kama kuna TB na kama imekuwa sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Lakini ukitaka kujua dawa nyengine moja moja, mara nyingi bado inabidi uoteshe, na ukitaka kujua kama mgonjwa aliye kwenye matibabu bado ana wadudu hai, lazima uoteshe. Mashine inaona hata maiti za wadudu, kalcha, yaani huko kuotesha, inaonesha walio hai tu.

Sasa kinachofanyika ni hivi. Unapima nusu gramu ya NALC kwa kila mililita 100 za mchanganyiko wa kostiki na sitireti. Sitireti ni chumvi ya asidi ya ndimu, kazi yake kushika vyuma vyuma vilivyomo kwenye makohozi visije vikaiharibu NALC. Makohozi mililita 5 unayatilia mchanganyiko mililita 5, unatikisa kidogo tu, unaacha dakika 15. Unajaza bafa, maji ya kutuliza kostiki, mpaka alama ya 50 kupoza makali, unazungusha kwenye sentrifyuji kwa kasi kubwa maana TB kwa yale mafuta yake hazami kirahisi, unamwaga maji ya juu, kilobaki chini kama tone la uji ndo unakipanda. Na kutikisa kwenyewe usitikise mpaka likatoka povu kama unapiga mayai ya keki, kwa sababu povu ni hewa, na hewa ndo adui wa NALC.

Hapa ndo penye kisa changu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini (maabara siitaji, na waliokuwepo wanajua) nilifundishwa kwamba mchanganyiko ukishatia NALC ni wa siku hiyo hiyo. Saa 24, basi, ukibaki mwaga. Imeandikwa kwenye karatasi ukutani. Mie mtoto wa Pemba niliyelelewa na bibi ambaye mchuzi wa jana anaupasha, wa juzi anautia ndimu, kumwaga kitu kilichonunuliwa kwa pesa nyingi nje, kikakaa bandarini Dar, kikavuka bahari kuja huku, roho ilikuwa inaniuma. Kila jioni namwaga nusu chupa nasema astaghfirullah.

Alhamisi moja ikabaki nyingi. Kesho yake Ijumaa, siku fupi, watu wanataka wawahi msikitini, sampuli zipo 11. Nikaona si dhambi, nikaifunga vizuri nikaitia kwenye friji. Asubuhi imekaa kama ilivo, safi, haina rangi, haina kitu. Na hiyo ndo hila yake, ikiharibika haikwambii. Maziwa yakichacha unanusa unajua. Hii hata harufu inapungua ukadhani imetulia. Kumbe usiku kucha hewa ilobaki ndani ya chupa ilikuwa inafanya kazi ya nyutralaiza, zile salfa zimejifunga zenyewe kwa zenyewe mbili mbili, na salfa iliyokwishashikana na mwenzake haina mkono wa kufungulia fundo la mtu. Kwenye kostiki ndo mbaya zaidi, humo salfa zinakuwa na uchu, zinafanya kazi haraka na zinakufa haraka. Unga mkavu ndani ya kichupa chake kwenye friji unakaa muda mrefu tu, ukiukinga na unyevu, na kwa unyevu wa huku kwetu masika ukiacha kifuniko wazi ukirudi umeshikana madonge.

Basi nikatia. Dakika 15 zikapita, natazama, makohozi yako pale pale. Yanavutika. Mengine madonge kabisa kama vipande vya kaimati mbichi. Mtu mwenye akili angesimama hapo akamwita mkubwa wake. Mie nikafanya kosa la pili ambalo ni baya kuliko la kwanza, nikasema niongeze muda, labda zinataka muda tu. Nikaziacha zikafika dakika 35 ndani ya kostiki, nikatikisa kwa nguvu, nikaendelea, nikapanda, nikaandika kwenye daftari kama kawaida, nikaenda zangu nyumbani kula pilau.

Chakula cha TB tunachopandia kinaitwa Löwenstein-Jensen, kinatengenezwa kwa mayai ya kuku, kina rangi ya kijani nzuri kama pambo. Siku ya tano nafungua inkyubeta, lile kabati la joto la kuoteshea, chupa 4 kati ya 11 kijani kimeyeyuka, kumejaa utando wa kijivu unanuka. Wale bakteria wa mdomoni walijificha ndani ya madonge, kostiki haikuwafikia. Na hizo nyengine zilizobaki safi, mbili zilikuwa za wagonjwa ambao kwa darubini tuliona wadudu kibao, hazikuota kitu mpaka wiki ya nane. Wadudu hao niliwaua mie kwa zile dakika 35. Yaani sampuli moja unaharibu kwa kuacha wasiotakiwa, nyengine unaharibu kwa kuua anaetakiwa, siku moja, chupa moja.

Ndo maana hata wakubwa wetu wanapima kazi kwa chupa zilizochafuka. Kwenye hiki chakula cha mayai, zikichafuka asilimia 3 mpaka 5 kazi ni nzuri. Zikizidi, huuwi vya kutosha. Na zikiwa chini ya hapo wasikupongeze, unaua mno, na TB wamo kwenye hesabu.

Katika zile nne zilizochafuka moja ilikuwa ya mzee mmoja wa Kojani. Alishawahi kutibiwa TB miaka ya nyuma, ikarudi, kwa hiyo tulitaka kalcha ili dawa zijaribiwe moja moja. Ikabidi aitwe tena. Mnajua Kojani, unavuka maji kwa mashua halafu ndo unatafuta gari, na yeye kifua kinamuwasha, kapungua mpaka shati linamning'inia. Mkuu wangu akanambia, "Wewe ndo utampokea na wewe ndo utamwambia." Hakunifokea hata kidogo, ingekuwa nafuu kufokewa.

Nikatoka nje kwenye benchi chini ya mwembe, nikamwamkia, nikampa kikopo. Akakizungusha mkononi, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, yale ya mwanzo nilowapa mmeyafanyaje?"

Nikamwambia, "Mzee niwie radhi, yameharibika. Niliyaharibu mie."

Akanitazama. Akakohoa kwanza, kikohozi kirefu, akapangusa mdomo kwa leso. Akasema, "Haya. Mie ninayo mengi." Akaenda kule nyuma penye upepo akatoa mengine.

Nilipowaeleza haya saluni, yule mama wa kalikiti kasahau hasira zake, akauliza sasa huo unga wenyewe wanautoa wapi. Nikamwambia sisteini kwa miaka mingi imekuwa ikitolewa kwenye manyoya ya kuku na bata na kwenye nywele za watu, zinachemshwa kwenye asidi kali mpaka protini inakatika vipande. Siku hizi nyengine inatolewa na bakteria waliofugwa kwa kazi hiyo. Dada akatazama chini kwenye sakafu, lile rundo la nywele alilofagia pembeni, akasema, "Kumbe miaka yote natupa pesa jaani!"

Kuna shoga yangu mmoja naye, hapa simtaji maana anasoma blogu hii (nakuona!), kanitumia meseji ya sauti dakika nne nzima anataka nimuibie unga kidogo kwa sababu kasikia unang'arisha ngozi. Kwanza wa maabara haukutengenezwa uliwe, kwenye kichupa kimeandikwa ni kwa kazi ya maabara tu, hakuna aliyehakikisha usafi wake kwa ajili ya tumbo lako. Pili, rangi yako ina kasoro gani? NALC ya hospitali ipo na inaokoa watu kweli kweli, mtu akimeza panadoli nyingi kupita kiasi ini linaishiwa na kitu kinaitwa glutathioni ambacho ndo kinazima ile sumu, na glutathioni inajengwa kwa sisteini, kwa hiyo anapewa NALC ini lipate mali ghafi. Ndani ya saa 8 za mwanzo inafanya kazi vizuri sana. Kwa hiyo mtu akimeza panadoli nyingi usisubiri aanze kutapika au macho yageuke manjano, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo hata kama anacheka na kula. Hilo ndo la kunitumia meseji ya sauti, si mambo ya weupe.

Sampuli ya pili ya yule mzee niliifanya mwenyewe, unga mpya, mchanganyiko wa asubuhi ile ile, saa ya mezani mbele yangu, dakika 15 juu ya alama. Makohozi yakawa maji. Wiki ya kwanza kijani kiko safi. Ya pili, ya tatu, kila Jumatatu nafungua inkyubeta moyo unanidunda. Wiki ya tano vikatokea vijidoa vya rangi ya maziwa yaliyoungua, vikavu, vina mikunjo, kama makombo ya mkate wa mofa yaliyomwagika juu ya kitambaa cha kijani. Nikamwita mkuu. Akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akanirudishia.

"Jana ulibakisha kiasi gani?" akaniuliza.

"Nusu chupa."

"Na iko wapi?"

"Nimemwaga."

Akaenda zake kunywa chai.